Moto wa Kuazima

"Usitikisike, Inspekta. Hata ukucha."

Sauti iliingia kupitia spika alizofungwa masikioni, na ilikuwa sauti ya mtuhumiwa mwenyewe. Inspekta alikuwa kalala chali ndani ya bomba jeupe la mashine ya sumaku, kichwa kimebanwa kwa mito pande zote, na mashine inagonga, inanguruma, inagonga tena, utadhani mafundi bati wameanza kazi juu ya paa. Mbele ya macho yake kulikuwa na kioo kidogo, na ndani ya kioo palikuwa na moto. Moto wa kuni, mwekundu, unapanda na kushuka. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kipochi cha plastiki chenye joto, ili apate maumivu ya kujaribia, nacho kilimuuma kwelikweli.

Askari wa kituo chake walimwita Bi Kwanini, mwanzoni kwa kumsengenya, siku hizi usoni kabisa. Leo wao ndio waliomuuliza kwa nini. Kwa nini ajitie ndani ya mdude ule wakati mshukiwa kashapigwa pingu? Aliwajibu kwamba hawezi kumshtaki mtu kwa kazi ambayo yeye haijui hata inafananaje. Basi akaamuru mtuhumiwa aletwe kuiendesha mashine, akavua hereni, saa, mkanda na vibanio vya nywele, akaingia.

"Huo moto ni ubongo wako," Daktari mwenye mradi alikuwa amemweleza kabla. "Sehemu inayopokea maumivu ikichacharika, moto unapanda. Ikitulia, unashuka. Mgonjwa wa maumivu sugu anautazama, anajaribu hili na lile kichwani mwake, mpaka anagundua mwenyewe kinachouteremsha. Akishajua njia, anaitumia hata nyumbani bila mashine."

Sasa Bi Kwanini alijaribu. Alifikiria barafu, moto ukamcheka. Alifikiria mtoto wake mchanga alipokuwa akilala kifuani, pumzi zile ndogo ndogo. Akangoja. Sumaku, yaani huyo mtuhumiwa, fundi wa mashine, alikuwa amemwonya kuwa jibu huchelewa kidogo, kwa sababu damu nayo inahitaji muda wa kufika. Na kweli, moto ukaanza kunywea. Ukafika nusu. Ukafika robo. Lo! Furaha ilimpanda mpaka akatamani kupiga kelele.

Hapo pua ikamwasha, akapiga chafya.

Moto ukaruka mpaka juu ya skrini, ukatanda kote, kisha ukaporomoka.

"Pole, Inspekta," ikasema sauti ya Sumaku. "Ukipiga chafya au ukikohoa kichwa kinasogea, picha yote inavurugika, na moto unaruka. Hakuna anayekwepa hilo. Tunakutoa."

Alitoka nywele timutimu, macho yanang'aa. Katika chumba cha kuendeshea mashine, nyuma ya kioo kinene, walimngoja watu watatu. Sumaku alikaa mbele ya skrini zake, kijana mrefu, mpole, pingu mikononi. Kando yake alisimama Koplo, mtu wa kitambi na maneno, ambaye alikuwa amegombana na kila mtu kwa sababu alikatazwa kuingia kwenye chumba cha mashine na filimbi yake ya chuma. Wa tatu alikuwa Daktari, koti limepigwa pasi, kidevu juu.

"Umeonaje, Inspekta?" akauliza Daktari. Akakohoa kikohozi chake kikavu, kho-kho. "Samahani. Vumbi la hapa linanimaliza."

"Nimeona maajabu. Nawe Daktari, umewahi kulala humo?"

"Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza. Siwezi kumlaza mgonjwa mahali nisipolala mwenyewe." Kho-kho.

Simu ya Bi Kwanini ikalia. Alikuwa Mkuu wa Kituo, na Mkuu wa Kituo hakuwa na salamu.

"Saa nane kamili huyo kijana anapandishwa mahakamani. Kujaribu kuua. Una lolote la kunizuia?"

"Bado, mkuu."

"Basi usinipotezee muda kwa kulala hospitalini."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mgonjwa bora wa mradi ule alikuwa fundi nguo mmoja, mama mtu mzima, kila mtu akimwita Mama Cherehani. Mkono wake wa kulia uliwahi kubanwa na mlango wa lori la mwanawe wa kwanza, mifupa ikaunga lakini maumivu yakakataa kuondoka. Kwa mashine hii alikuwa ameushinda moto. Aliutuliza kila alipolala, mpaka akaacha vidonge vyake vikali, na wageni wakaletwa kumtazama. Wiki iliyopita, siku ya wageni, alikutwa amezirai katika chumba cha kubadilishia nguo, damu yake imejaa dawa ileile aliyosema ameiacha. Sumaku ndiye aliyempa chai baada ya kutoka kwenye mashine. Sumaku ndiye aliyeosha kikombe kabla polisi hawajafika. Tena asubuhi ile walisikika wakizozana mlangoni. Mwanawe, dereva wa lori, alipiga kelele hospitali nzima kwamba mama yake amelishwa sumu, na Sumaku akachukuliwa.

Mama alikuwa amezinduka. Lakini jana, Bi Kwanini alipomwendea wodini, aligeukia ukutani. "Sina la kusema, mwanangu," ndilo jibu alilopata, mara zote alizouliza.

"Sumaku," Bi Kwanini akasema sasa, "siku ile mlizozana nini?"

"Fimbo ya kukagulia chuma ililia, Inspekta. Alisahau pini kwenye kola. Nikamwambia aitoe, akakasirika. Akaniambia nimemgeuza mwizi."

"Pini moja tu, fimbo ikalia?"

"Inalia hata kwa karatasi ya bati ya peremende."

"Na ya vidonge?"

"Hiyo ndiyo inayoiliza zaidi."

Bi Kwanini akasimama wima. Koplo, aliyemzoea, akaanza kutafuta kofia yake maana alijua sasa ni kukimbia.

"Koplo, gauni la yule mama liko wapi?"

"Kwenye mfuko wa vielelezo, afande, garini. Lakini tulishalipekua. Mifuko yote mitupu."

"Lete."

Gauni lilikuja, la bluu, limeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Bi Kwanini hakugusa mifuko. Aligeuza pindo la chini, akalipitisha kati ya vidole polepole, sentimita kwa sentimita, mpaka akafika ubavuni. Hapo akacheka peke yake.

"Njoo uone. Gauni zima limeshonwa kwa uzi wa bluu. Hapa pana uzi mweusi, na umekatwa kwa meno. Pindo limefumuliwa kiasi cha kidole kuingia." Akaligeuza ndani nje juu ya karatasi safi. Unga mweupe kidogo ukadondoka, na kipande cha kidonge.

"Masalale!" akasema Koplo. "Bibi alificha dawa kwenye pindo?"

"Alivitoa vidonge kwenye bati ili fimbo isilie, akavishonea ndani. Akaingia navyo, akabadili nguo, akalala kwenye mashine, akatoka, akafumua, akameza. Chai ilikuwa ya kutelemshia tu."

Koplo alifurahi mpaka akampiga Sumaku begani, halafu akakumbuka kwamba ni mahabusu, akaurudisha mkono. Lakini Mkuu wa Kituo, kwenye simu, hakufurahi hata kidogo.

"Pindo si ushahidi kwamba alivimeza mwenyewe. Wakili wa serikali atasema kijana alijua pindo, akaongezea kwenye chai. Yule mama mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi."

"Basi saa nane iko palepale."

Kwa hiyo ilibaki ile ile: mama afumbue mdomo, au kijana aingie jela kwa kosa lisilokuwa lake. Bi Kwanini akazunguka chumba kile kidogo. Mtu aliyeushinda moto mbele ya wageni, aliyeacha dawa kwa hiari, anajishonea dawa kwenye nguo kwa siri. Kwa nini? Kwa nini? Kwa nini?

"Afande, utatutia kizunguzungu," akasema Koplo.

Korido ikalipuka kwa makelele. Alikuwa yule dereva wa lori, anataka kujua mbona mtu aliyetaka kumuua mama yake amerudishwa kukaa kwenye kiti chake kama bosi. Daktari alitoka kwenda kumtuliza. Mlango ulipofungwa tu, Bi Kwanini aliinama kwa Sumaku.

"Siku ile ya wageni, picha zake unazo?"

"Picha za ubongo zipo kwangu. Kamera ya usalama inayomtazama mgonjwa nayo ipo kwangu."

"Na moto?"

"Moto si wangu. Moto unatoka kwenye kompyuta ya Daktari, ile pale. Mimi siuoni hata nikiwa kazini, nimeelekea huku. Lakini huwa anaurekodi."

"Fungua vyote vitatu. Vianze pamoja."

Sumaku akacheza na vitufe kwa mikono iliyofungwa. Skrini tatu zikawaka: mama amelala bombani, vipande vya ubongo vya kijivu, na moto. Moto ulikuwa unashuka vizuri ajabu. Koplo akasema hata yeye angeleta wageni.

Bi Kwanini alikuwa akiutazama moto. Ghafla moto ukaruka juu, mara mbili za harakaharaka, ukatulia.

"Simamisha! Mama amefanya nini hapo?"

Wakamtazama mama. Mama alikuwa ametulia kama aliyepigwa picha. Vipande vya ubongo navyo vilikuwa safi.

"Hajafanya kitu," akasema Sumaku, paji limekunjamana.

"Endelea."

Baada ya muda mama akakohoa, mara moja, kwa nguvu, mabega yakainuka. Kwenye skrini ya Sumaku vipande vya ubongo vikachanika mistari mistari. Kwenye skrini ya Daktari, moto ukaendelea kushuka taratibu, bila habari.

Bi Kwanini alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mimi nilipopiga chafya, moto wangu uliruka mpaka darini. Uliniambia hakuna anayekwepa."

"Hakuna, Inspekta. Haiwezekani." Sumaku alikuwa ameinuka kitini. "Haiwezekani kabisa. Labda... labda huu moto si wake."

"Si wake! Yule mama ameonyeshwa moto wa mtu mwingine!" Aliruka, hakuona haya. "Koplo, umesikia? Miezi yote hii wamemvika kilemba cha ukoka! Anaambiwa hongera mama, umeshinda, na mkono unamuwaka vilevile. Sasa mtu wa hivyo atasema nini? Ataona kasoro ni yake. Atameza kwa siri!"

"Moto wa nani sasa?" akauliza Koplo.

"Wa mtu mwenye kikohozi. Unaruka mara mbilimbili. Urudishe moto mwanzo, uzizime zile skrini nyingine mbili, na wote mkae kimya kama hamna ndimi."

Daktari aliporudi, akipangusa jasho la mabishano na dereva, alikuta watu watatu wanatazama moto wakiwa wametulia sana. Akasimama nyuma yao.

"Ah, mnamtazama Mama Cherehani. Mgonjwa wa pekee yule."

"Wa pekee," Bi Kwanini akakubali. "Ila nina swali la kijinga. Hapa, unaona? Moto unaruka mara mbili. Huwa ni nini?"

Daktari aliinamia skrini. "Mgonjwa... amesogea."

"Amekohoa, tuseme?"

"Huenda amekohoa."

"Na hapa tena, mara mbili. Na hapa. Maskini, ana kikohozi kibaya. Tena kikavu. Cha vumbi."

Uso wa Daktari ukaanza kubadilika rangi, akafungua mdomo aseme, na koo likamsaliti. Kho-kho.

"Huyo!" Koplo akapiga kelele, kidole mbele, kama mtoto aliyemfumania mwenzake kwenye kombolela.

Daktari hakukimbia. Alivuta kiti akakaa, na lile koti la pasi likaonekana kubwa kuliko yeye.

"Moto wake haukuwa unashuka," akasema. "Tulijaribu wiki nyingi. Alikuwa anatoka humo analia. Nikafikiri akiamini anaweza, ataweza. Nikamwekea wangu, niliourekodi nikiijaribu mashine. Siku moja tu, apate moyo. Siku ile alitoka anacheka, Inspekta. Mlimwona? Hapana, hamkuwepo. Alinikumbatia. Sikuweza kumrudisha."

"Wakaja wageni."

"Wakaja wageni."

"Na Sumaku, uliyemwona anafungwa pingu?"

"Niliapa sijui chochote kuhusu dawa. Na kweli sikujua."

"Hukuulizwa kuhusu dawa peke yake, Daktari. Uliulizwa kama kuna jambo lolote." Bi Kwanini akafungua mlango. "Inuka. Tunakwenda wodini, sote. Na mwite yule dereva."

Mama Cherehani alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefunikwa na shuka. Bi Kwanini alikaa chini kidogo yake, kwenye stuli ya wauguzi, kwa adabu kama ya mtu na mama mkwe wake. Mwanawe dereva alisimama mlangoni, amefura. Sumaku alikuwa nyuma kabisa, na mama alipoona pingu alifumba macho.

"Mama, sikuja kukuuliza," akasema Bi Kwanini. "Nimekuja kukuambia. Ule moto uliokuwa ukiuona si wako. Haujawahi kuwa wako tangu uanze kushuka. Ni wa huyu Daktari, yupo hapa, atakuambia mwenyewe."

Daktari alisema. Alisema kwa maneno machache, macho sakafuni.

Mama akamgeukia.

"Si wangu?"

"Si wako, mama. Nisamehe."

"Kwa hiyo sikushindwa mimi?" Akautoa mkono wake chini ya shuka. "Mimi nilikuwa nalala mle, naona moto umezimika kabisa, na mkono unaniwaka kama umo ndani ya jiko. Nikasema basi, nimeharibika kichwa. Ubongo umepona, mimi ndiye sitaki kupona. Mtu atamwambia nani jambo kama hilo?"

"Ungeniambia mimi!" mwanawe akafoka, na kufoka kule kukaishia kilioni.

"Wewe? Wewe uliyeacha kula kwa ajili ya mlango wa lori? Siku niliyokuambia mkono umepona ndiyo siku uliyocheka. Nikurudishe kulekule?" Akageuka kwa Bi Kwanini, akajifuta uso kwa mkono mzima. "Nilimeza mwenyewe, mwanangu. Wageni walikuwa wananingoja nikatabasamu, na mkono haukutaka kunyamaza. Nikafumua pindo nikameza vilivyokuwamo vyote. Huyu kijana hajui kitu. Kikombe anaosha kila siku, ni mtu safi. Nilidhani watamwachia wenyewe, maana hana kosa. Kila nikiamka nauliza kama wamemwachia, naambiwa bado, na bado nikanyamaza. Aibu, mwanangu. Aibu ilinifunga mdomo."

Bi Kwanini alikuwa ameshapiga simu. Mkuu wa Kituo alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Mwachie. Na huyo mkohozi mlete aandike maelezo."

Koplo alifungua pingu kwa mbwembwe, akazitia mfukoni. Sumaku alisugua vifundo vya mikono yake. Dereva wa lori alimwendea, akasimama mbele yake, hakujua aanzie wapi, mwishowe akamkumbatia tu kwa nguvu zake zote za kupakia mizigo, mpaka Sumaku akaomba hewa.

"Tumekwisha hapa," akasema Bi Kwanini. "Daktari, twende kituoni."

"Hajakwisha mtu," akasema Mama Cherehani. Alikuwa ameshateremsha miguu. "Mimi sijauona wangu."

Wakatazamana. Daktari wa wodi akaitwa, akampima, akasema hali yake ni nzuri na kulala chali hakujamdhuru mtu. Kituo kikangoja. Mama akakaguliwa kwa fimbo mlangoni, mikono juu, na safari hii fimbo haikulia, naye akamwambia Sumaku, "Umeona, mwizi wako leo mtupu," wakacheka wote wawili.

Mashine ikaanza kugonga. Nyuma ya kioo Sumaku aliketi kwenye skrini zake. Daktari alikaa kwenye yake, Koplo amemsimamia begani, na mbele ya macho ya kila mtu alifuta ule moto wa zamani, akaunganisha kompyuta na ubongo wa mama, moja kwa moja. Dereva aliegemea kioo, pumzi zake zikikitia ukungu.

Moto ukawaka.

Haukuwa kama ule mwingine. Ulikuwa mkubwa, mchafu, unarukaruka, umejaa skrini mpaka pembeni. Hapakuwa na nafasi iliyobaki nyeusi. Dereva alifunika uso. Bi Kwanini alitamani kuamuru uzimwe, kwa huruma, kisha akajiona anataka kufanya kosa lilelile la Daktari, akashika mikono yake nyuma.

Mama alikohoa kidogo. Moto ukaruka juu, papo hapo, vipande vya ubongo vikachanika.

"Moto umemsikia!" Bi Kwanini akanong'ona. "Umemsikia yule!"

Mashine ikaendelea kugonga. Mama alikuwa akifanya jambo humo ndani, kichwani mwake, hakuna aliyejua jambo gani. Hakuna kilichobadilika. Wakangoja. Moto ule ule, mkubwa vile vile. Halafu, juu kabisa, kwenye kona ya kulia, pakatokea weusi kidogo, upana wa ukucha, ukakaa hapo, ukapotea, ukarudi tena.

Sumaku alibonyeza kipaza sauti.

"Mama. Umechoka. Nikutoe upumzike?"

"Niache kwanza, mwanangu," akasema Mama Cherehani. "Ndiyo kwanza tunaonana."